Mguu umekatika, mdomo ninao!

Wiki hii sina kichekesho cha mapenzi wala soo la mtu kufumaniwa gesti. Wiki hii nimeshikishwa adabu. Tena nimeshikishwa na mshkaji wangu mwenyewe, mbele za watu, ndani ya ofisi ya serikali. Kaa kitako nikupe mkanda mzima.

Kwanza kwetu. Sisi ni watoto wa Nguvumali, Tanga. Hebu litamke polepole jina hilo: nguvu, mali. Mtaani kwetu hayo ndiyo maisha yenyewe. Asubuhi kila mtu anatoka na mali yake: huyu mabega ya kubebea magunia, yule mikono ya kuchanganyia zege, mwingine miguu ya kukanyagia baiskeli mpaka bandarini. Jioni anarudi na unga na samaki. Mwenye nguvu anakula. Ila swali moja hatukuwahi kujiuliza pale kijiweni: asiye nazo je?

Mshkaji wangu huyu (jina namhifadhia, ana mchumba) alikuwa dereva wa bodaboda, tena si dereva wa kubahatisha. Saa kumi alfajiri yuko stendi ya Kange anasubiri abiria wa mabasi. Saa nne usiku bado unamsikia anakatiza mtaani. Msimu wa masika wa mwaka 2024, usiku, mvua, barabara inateleza, lori mbele halina taa za nyuma. Alipozinduka yuko hospitali, na mguu wa kulia chini ya goti hakuna kitu. Umri wake miaka 26.

Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Mwenyewe alikuja wodini na mfuko wa machungwa ya Muheza, akatoa pole ndefu, akasikitika sana, halafu akauliza ufunguo uko wapi. Ndiyo ikawa mara ya mwisho kumwona.

Sasa tuje kijiweni. Tuna kijiwe chetu cha kahawa, na mnakijua kijiwe: pale kila mtu ni waziri, tofauti ni wizara tu. Siku moja mmoja akatoboa kwamba serikali inatoa hela za walemavu kila mwezi, mshiko wa bure, unasaini unaondoka. Wa pili akasema hiyo ni TASAF. Wa tatu akaapa kwa kashata mkononi kwamba kuna jamaa yake wa Korogwe anakula hela ya "asilimia mbili" na sasa anaezeka nyumba. Mimi nami, kwa kuwa naandika gazetini, nikajitia najua. Nikamwambia mshkaji, "Kaka, hiyo ni haki yako. Kesho twende tukachukue chako."

Akanitazama weee. "Mimi si mlemavu bwana. Mimi nimekatika mguu."

Nilicheka. Baadaye usiku kitandani cheko likaniishia. Hebu tazama lugha yetu wenyewe ilivyo: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema. Ngeli ya kiti, kikombe na kijiko! Mtu jana alikuwa mtu kama watu, leo kakatika mguu, tunamhamishia kabatini kwenye vyombo. Siku hizi sheria inasema "mtu mwenye ulemavu", mtu kwanza, ulemavu baadaye. Iko hata kwenye jina lake: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini kijiweni hatusomi sheria. Pale tulikuwa tumeshaanza kumwita "Mguu Mmoja", tena tunaona tunamtania kwa mapenzi.

Aliyemtoa ndani ni mama yake. Bi Mkubwa hana maneno mengi. Alimwambia, "Mwanangu, njaa haiulizi jina lako. Nenda."

Tukaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulimkuta barazani anakula mihogo na chachandu. Mshkaji akatoa shikamoo, mzee akaitika marahaba mwanangu, akafuta mikono, akaandika barua ya utambulisho, mhuri twaa! Hakutuuliza kitu cha karaha. Nikajisemea moyoni, kumbe mambo yenyewe rahisi namna hii, mbona tumechelewa?

Kasheshe lilikuwa ofisini. Ofisi yenyewe siitaji, maana barua zangu mimi nazo zinapita hukohuko. Niseme tu ni ofisi ya serikali, na ina ngazi kumi na nne. Nimezihesabu kwa sababu mimi ndiye niliyeshika magongo, na yeye alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, suruali nyeupe aliyopigiwa pasi na Bi Mkubwa. Hiyo sheria ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike na kila mtu. Nadhani siku inapitishwa, ngazi hizo zilikuwa hazijaambiwa.

Tukafika juu, jasho linatutoka. Mezani yupo mama mmoja wa makamo, miwani puani, mafaili yamemzunguka. Wala si mama mbaya. Akanitazama mimi.

"Karibu kaka. Mgonjwa wako ana shida gani?"

Nikajibu mimi. Nikaeleza ajali yote, na mvua nikaiongeza kidogo.

"Amesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mama."

"Ana kitambulisho cha taifa?"

"Anacho, hiki hapa." Nikakitoa mfukoni mwangu, maana alikuwa kanipa nimshikie.

"Sasa huyu tumwandike kijana au mlemavu?"

Hapo kidogo nikakwama. Kumbe kwenye karatasi zao vijana wana fungu lao na wenye ulemavu wana fungu lao, na mtu hawezi kula huku na huku. Nikasema, "Mwandike mlemavu, mama." Nimesema mimi! Neno alilolikataa mwenyewe kijiweni mbele ya watu wote, mimi nimemvika kwa sekunde moja.

"Basi alete barua ya daktari ya kuthibitisha kwamba ni mlemavu."

Niliutazama mguu wa suruali. Umekunjwa, umebanwa na pini mbili. Nikamtazama mama. Mama hakuona cha kuchekesha. Na kweli yeye anachohitaji ni karatasi, na pini mbili si karatasi.

Kisha likaja swali lenyewe. "Na hizo hela akipata, nani atazishika? Wewe?"

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo nilipotia aibu. Nilinyoosha kola ya shati. Nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Ndiyo mama, mimi nitamsaidia kuzishika."

Nikasikia gongo linagonga sakafu, kooo!

"Mama, samahani," mshkaji alisema, kwa adabu zake zote. "Mguu umekatika, mdomo ninao. Niulize mimi."

Halafu akanigeukia. "Na wewe kaka, ahsante kwa kunishikia magongo. Hela zangu nitashika mwenyewe."

Ofisi nzima kimya. Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa kile kikohozi cha "umeyataka mwenyewe". Mimi nikaishiwa pozi, nikatafuta pa kuficha uso nikaangukia kalenda ya ukutani, nikaisoma kama naisomea mtihani.

Yule mama namsifu. Alivua miwani, akageuza kiti chake kumwelekea mshkaji, akasema, "Haya mwanangu, yamekwisha, nisamehe. Unataka nini?"

"Nataka kujua hela za walemavu ni zipi."

Akamweleza. Na mimi nikasikia pamoja naye, yale ambayo pale kijiweni tulikuwa tunajitia tunayajua. Chukua kalamu ndugu msomaji, maana leo kwangu kesho kwako, na barabara ya Segera inapitwa na kila mtu.

Kwanza, posho ya kila mwezi ya serikali ambayo mtu wa Tanzania Bara analipwa kwa sababu tu ana ulemavu, haipo. Habari ya kijiweni ilikuwa ya kijiweni.

Pili, TASAF ipo, na ina mpango wa kunusuru kaya maskini. Ila inaangalia umaskini wa kaya nzima, na majina hupitia kwenye mkutano wa mtaa. Wakikuta kaya yako maskini na ndani yake kuna mwenye ulemavu, hilo nalo linatazamwa. Lakini huendi dirishani na gongo lako ukasema nilipeni.

Tatu, NSSF ina pensheni ya ulemavu, kwa mwanachama aliyechangia. Na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, kwa aliyeajiriwa akaumia au akaugua kwa sababu ya kazi. Mshkaji akauliza, "Na mimi niliyekuwa nalala na pikipiki ya mtu kwa mkataba?" Mama akatikisa kichwa. Yule wa machungwa hakuwahi kumwandika popote.

Nne ndiyo hiyo "asilimia mbili". Sheria ilirekebishwa 2018, ikaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha utaratibu upangwe upya, ikarudi 2024. Wanawake na vijana hukopa kwa vikundi. Mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake. Unapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, unaandika mradi, unajazwa kwenye mfumo, wanakuja kukukagua.

"Mkopo?" mshkaji akauliza.

"Mkopo, mwanangu. Hauna riba, ila unarudishwa."

"Mama, nimepoteza mguu. Sasa nikope nipoteze na usingizi?"

Mama hakuwa na jibu. Akamwandikia kwenye kikaratasi vitu vya kuleta, akamsindikiza mpaka mlangoni, na safari hii magongo kayashika yeye.

Tulishuka zile ngazi kumi na nne bila kusemeshana. Chini tukanunua maji ya kandoro, tukakaa kivulini. Mimi nikaanza kuomba radhi, yeye akasema achana nayo. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii.

"Unajua kaka, mimi nina mikono. Mimi nitakopa, na nitalipa. Lakini yule mtoto wa nyuma ya kwenu?"

Nyuma ya kwetu kuna mtoto ana utindio wa ubongo. Ana miaka kumi na kitu, haketi, hali mwenyewe, hasemi. Mama yake alikuwa anauza vitumbua. Ameacha, kwa sababu hana wa kumwachia. Basi huyo mama aandike mradi gani? Nani akakague biashara ipi? Mkopo ni wa mtu atakayefanya kazi akarudisha. Asiyeweza kabisa, karatasi yake mezani pale haipo.

Nikaelewa kwamba jina la mtaa wetu limetutangulia hadi ofisini. Nguvu mali! Hata fungu lililotengwa kwa waliopungukiwa nguvu, analichukua mwenye nguvu za kutosha kulirudisha. Silaumu mkopo. Mkopo usio na riba ni mali kubwa, waulize waliowahi kukopa kwa wale jamaa wa kuja kubeba televisheni. Nasema tu kwamba mkopo na msaada ni vitu viwili, na sisi tumeviweka kwenye chungu kimoja tukakifunika.

Na usiniambie haiwezekani kwa sababu nchi zetu maskini. Ukitoka hapa Tanga ukavuka mpaka pale Horohoro, upande wa pili ni Lunga Lunga, Kenya. Wenzetu hao wana mpango unaoitwa Inua Jamii, na ndani yake kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa imewekewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hazitoshi, na Wakenya wenyewe wanalalamika zinachelewa. Ila zinamtambua yule mtoto wa nyuma ya kwetu kwamba yupo, na mama yake kwamba anafanya kazi. Zanzibar nao tangu 2016 wana pensheni kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi. Ile ni ya uzee, si ya ulemavu, lakini inaonyesha kwamba mtu anaweza kulipwa kwa sababu ni mtu, bila kuulizwa mradi.

Basi mshkaji akaingia kazini. Barua ya daktari akaifuata mwenyewe, akapata, imeandikwa kwa mwandiko wa daktari kwamba mguu haupo. Andiko la mradi kaandika kwa mkono wake, Jumapili tatu mfululizo, mezani kwa Bi Mkubwa, taa ya kuchaji pembeni. Mradi: kuziba pancha na kuuza spea ndogondogo za pikipiki kituoni. Pampu ya umeme, tyubu, gundi, plagi, waya za breki. Kila kitu na bei yake. Nilitaka kumsahihishia hesabu, nikakumbuka gongo, nikanyamaza. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Na pale kwenye fomu penye kuuliza aina ya mwombaji, alikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho akaandika kwa herufi kubwa, MTU MWENYE ULEMAVU. Akanionyesha. "Neno la kwanza ni Mtu," akasema. "Hilo ndilo nimesainia."

Ndugu yangu unayesoma, kama wewe mwenyewe au mtu wako yuko kwenye hali hii, usitegemee kijiwe. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uliza. Nenda na kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa, barua ya daktari, na andiko lako hata kama la ukurasa mmoja. Tena jua kwamba sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Wewe uliyesoma na unakaa ndani, bisha hodi huko. Na ukimsindikiza mwenzako, shika magongo, fungua mlango, kisha funga domo. Hili la mwisho nimelilipia mimi, wewe chukua bure.

Mkopo wenyewe? Mpaka naandika haya jibu halijatoka. Wamekuja kumkagua mara moja, wamepiga picha, wameondoka. Mguu wa bandia naye anaufuatilia. Ameambiwa habari za Moshi, pale KCMC, ambako kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, na Bi Mkubwa ameanza kuweka nauli kwenye kopo la maziwa. Kazi lakini imeanza. Amekaa chini ya mwarobaini kituoni na pampu ya mkono ya kuazima, beseni la maji na gundi.

Juzi nilipita kumjulia hali. Nikiwa nimesimama, akaja kijana na pikipiki, tairi la nyuma limelala. Mshkaji yuko chini pale, tyubu mkononi, mikono myeusi ti. Kijana akanitazama mimi.

"Kaka, fundi wako anaziba kwa bei gani?"

Nikauma ulimi. Wallahi niliuma mpaka ukaniuma. Nikamwelekeza chini kwa kidevu.

"Niulize mimi," mshkaji akasema, bila hata kuinua kichwa. "Elfu mbili. Shusha mzigo, geuza pikipiki."

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na ukiwa na pancha, Nguvumali unapajua.